Vidole Vikivimba, Pimeni na Moyo: Wito kwa Watu wa Issuna

Ndugu zangu wa Issuna, nanyi majirani mnaoishi kandokando ya barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida, nina ombi moja kwenu. Kila mwenye ugonjwa wa viungo vinavyovimba, awe mtoto wa shule, mama mwenye familia au mzee, apimwe na moyo. Asiishie kwenye goti wala kwenye vidole. Na kama mtu wa namna hiyo yumo nyumbani mwenu, msimngoje aseme mwenyewe. Mpelekeni.

Najua ombi hili litawashangaza baadhi yenu. Mtu anaumwa vidole, iweje aambiwe habari za kifua? Ugonjwa wa viungo tumeuzoea mno. Ikifika Juni na Julai, upepo wa Singida ukianza kuvuma alfajiri, kila anayeumwa mahali tunasema ni baridi tu imemwingia. Anachuliwa kwa mafuta, anakaa juani mpaka saa nne, kisha anachukua jembe lake. Akizidiwa, anachanjwa chale kwenye goti, au anaambiwa amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Sisemi haya kwa kumdharau mtu yeyote. Maumivu hayana subira, na anayeumwa hushika kilicho karibu naye. Ila wakati sisi tunahangaika na goti, ndani ya mwili kuna jambo jingine linaendelea kimyakimya. Hilo haliumi, na ndilo linaloua.

Tutenganishe kwanza. Goti la mzee aliyelima miaka hamsini, linalouma akitembea na kutulia akipumzika, mara nyingi ni goti lililosagika. Linatesa na linahitaji tiba, lakini leo sizungumzii hilo. Nazungumzia ile baridi yabisi ambamo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 60, umri ambao mama ndiye nguzo ya nyumba.

Itazame mikono yake asubuhi. Vifundo vya vidole vimejaa, mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, na ngozi juu yake imekaza, ina joto. Hawezi kukunja ngumi. Kusonga ugali ni mateso, kufungua kifuniko cha dumu ni mateso, na fimbo ya kupigia alizeti inamponyoka. Mikono haimlainikii baada ya dakika tano. Inaweza kupita saa nzima au zaidi kabla hajaweza kufunga kitambaa chake kichwani. Ukiibana kwa upole ile safu ya vifundo inayounganisha vidole na kiganja, anashtuka kwa maumivu. Anachoka kuliko kazi aliyofanya, na mwili unapungua. Huyo si mvivu, wala hajazeeka kabla ya wakati. Ni mgonjwa, na ugonjwa wake una dawa.

Uvimbe huo haukai vidoleni peke yake. Kemikali zinazochoma viungo hutembea na damu mwili mzima, miaka nenda miaka rudi. Huchubua ngozi laini iliyo ndani ya mishipa, mafuta hunasa palipochubuka, na njia ya damu huziba polepole kama bomba la kisima linavyoota kutu kwa ndani ilhali nje bado lina rangi yake. Mshipa unaoulisha moyo ukiziba, huo ni mshtuko wa moyo. Wa ubongo ukiziba, hicho ni kiharusi. Kwa jumla, mtu mwenye baridi yabisi ya namna hii ana hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa inayofikia mara moja na nusu ya mwenzake wa umri uleule asiye nayo. Jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa magonjwa ya viungo, EULAR, inawashauri madaktari wanaokadiria hatari ya moyo kwa mgonjwa wa aina hii wazidishe jibu lao kwa 1.5, pale ambapo kipimo chenyewe hakijaihesabu baridi yabisi. Magonjwa ya moyo na mishipa ndiyo yanayoongoza kuwaua wagonjwa hawa, wala si viungo vyenyewe.

Hatari hiyo inakaribia ile ya mwenye kisukari. Hapa ndipo ninapoumia. Mwenye kisukari siku hizi kila mtu anajua kwamba lazima apimwe presha, aangaliwe figo, aangaliwe macho, aulizwe habari za moyo. Ni nani amewahi kumwambia mama mwenye vidole vilivyopinda kwamba na yeye yumo katika kundi hilo? Anaingia zahanati, anaonyesha mikono, anapewa vidonge vya maumivu, anatoka. Mwaka unapita, wa pili, wa kumi. Presha yake haijulikani. Siku akianguka, msibani watu wanasema alikuwa mzima tu, alikuwa na shida ya vidole.

Ugonjwa wa lupasi nao, ambao huwapata zaidi wanawake vijana, huharibu mishipa ya moyo mapema mno, hata kabla ya miaka 45. Jongo, ile inayokiwasha kidole gumba cha mguu usiku wa manane, huandamana mara nyingi na presha na figo dhaifu. Wenye magonjwa hayo pia nawaita.

Kuna njia ya pili inayotoka kwenye viungo kwenda moyoni, nayo inanigusa zaidi kwa kuwa inawapitia watoto. Mtoto anaamka koo linamuuma. Ana homa, hataki uji, na ukimfungua kinywa unaona mafindofindo yamevimba, pengine yana madoa meupe. Makoo mengi ya namna hiyo huletwa na virusi na hupona yenyewe. Mengine huletwa na bakteria waitwao streptokokasi wa kundi A, na hao ndio wa kuogopa. Koo linapona, mtoto anarudi shule. Wiki mbili au tatu baadaye goti linavimba, linawaka moto, hataki hata shuka limguse. Siku chache goti limepoa, maumivu yamehamia kifundo cha mguu. Kisha kiwiko. Baada ya muda maumivu yote yanaondoka, hata bila dawa, wala hayaachi kilema. Bibi aliyemchua anashukuriwa. Na ni kweli viungo vimepona. Moyo ndio umebaki na jeraha.

Hii ndiyo homa ya baridi yabisi, tofauti na ile baridi yabisi ya watu wazima niliyoanza nayo, na huwashika zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Kinga iliyoandaliwa kupambana na bakteria inakosea na kushambulia milango ya moyo, hasa ule wa upande wa kushoto unaopokea damu itokayo mapafuni. Homa ikirudi mara ya pili na ya tatu, kovu linaongezeka, mpaka mlango unakuwa mnene, haufunguki sawasawa au haufungi. Mtoto anaanza kubaki nyuma wenzake wakikimbia, na mwalimu anamdhania mzembe. Usiku anakohoa, hawezi kulala chali, anaegemea mto au ukuta. Binti anaweza kufika miaka 20 hajui lolote, akapata mimba. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na mlango uliosinyaa hauwezi kuipitisha. Anafika kliniki ya wajawazito anahema, miguu imevimba, na hapo ndipo moyo wake unapojulikana kwa mara ya kwanza.

Ulaya na Marekani ugonjwa huu ulijaza wodi za watoto mwanzoni mwa karne ya 20. Ulipungua pale watu walipopata nyumba zisizosongamana, na penisilini ilipoingia. Kwetu bado upo. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa wa moyo utokanao na homa hii unaua watu zaidi ya 300,000 kila mwaka duniani, na mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuutokomeza. Utafiti wa Abel Makubi na wenzake uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, uliowahusu wagonjwa ambao moyo umeshindwa kazi, ulikuta presha imeongoza kwa karibu nusu ya wagonjwa, na moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi ukiwa asilimia 12. Yote mawili, presha na koo la mtoto, yanashikika kwenye zahanati ya kijiji. Hilo ndilo linalonipa ujasiri wa kuwaandikia.

Nawasihi sana kuhusu kimeo. Mtoto akikohoa au koo likimsumbua, bado wako wanaompeleka akakatwe kimeo. Kukata kimeo hakuui bakteria hata mmoja. Kunamwaga damu ya mtoto, kunaweza kumletea pepopunda na maambukizi mengine, na kunapoteza zile siku chache ambazo dawa ingemwokoa. Penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, homa ya baridi yabisi inaweza kuzuiwa. Siku 9 zinatosha kabisa kufika zahanati, hata kwa anayekaa mbali na barabara, hata wakati wa masika njia zinapokatika. Hazitoshi kuzunguka kwa mganga wa kwanza, wa pili, kisha kurudi nyumbani kungoja.

Mtoto aliyekwisha kupata homa hiyo anahitaji kulindwa isirudi. Kinga yake ni sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, wengine mpaka wafike utu uzima. Naijua sindano hiyo inavyoogopwa. Dawa ni nzito, inaingia polepole, paja au tako linauma hadi kesho yake, na mtoto akiiona kadi ya kliniki mezani anaanza kulia. Mama, usimwonee huruma ya kumkosesha dawa. Mshike, mbembeleze, mnunulie embe njiani mkirudi, lakini sindano aipate.

Majirani zetu wa Uganda wametupa ushahidi usio na shaka. Watafiti wakiongozwa na Andrea Beaton, pamoja na Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda, waliwapima moyo kwa ultrasaundi watoto zaidi ya 100,000 kaskazini mwa nchi hiyo. Kati ya waliokutwa na dalili za mwanzo zilizojificha, watoto 818 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka miwili, jingine halikuchomwa. Kwa waliochomwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3. Kwa wasiochomwa, ulisonga mbele kwa watoto 33. Matokeo yalitangazwa mwishoni mwa 2021. Watoto wale ni wa vijijini kama wa kwetu, na dawa ni ya zamani, ya bei nafuu, inayojulikana na kila muuguzi.

Sasa nizungumze na wale wanaojitibu dukani, na tuko wengi. Viungo vikiuma tunakwenda duka la dawa muhimu, tunasema nipe za viungo, na mara nyingi tunapewa diklofenaki. Zinafanya kazi, siwezi kukana. Jioni mtu ananyanyuka, anakwenda kukamua ng'ombe. Kwa hiyo kesho anarudi, na wiki ijayo, na mwaka ujao, mpaka muuzaji anamjua kwa dawa yake. Diklofenaki na dawa za jamii yake zikimezwa mfululizo hupandisha presha, huzuia maji yasitoke mwilini, huumiza figo, huchubua tumbo, na huongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Dunia ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 2004 kampuni ya Merck ya Marekani iliiondoa sokoni dawa yake ya viungo iitwayo Vioxx, baada ya kudhihirika kwamba waliotumia muda mrefu walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi ya wenzao. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Umoja wa Ulaya wakatamka kwamba diklofenaki isipewe mtu ambaye moyo wake umeshindwa kazi, mwenye mishipa ya moyo iliyoziba, au aliyewahi kupata kiharusi. Angalieni basi tulipo: mtu ambaye ugonjwa wake wa viungo tayari unamweka kwenye hatari ya moyo, anajiongezea hatari hiyohiyo kila siku kwa dawa ambayo hakuandikiwa, na hakuna aliyempima presha.

Sisemi watu wavumilie maumivu. Dawa za maumivu zina nafasi yake, kwa siku chache, kwa kipimo alichoandika mtaalamu aliyekupima kwanza. Ninachosema ni kwamba kuua maumivu si kutibu baridi yabisi. Chini ya dawa ya maumivu uvimbe unaendelea kula mfupa na mishipa.

Dawa ya prednisoloni nayo ina hadithi yake. Humwinua mgonjwa kwa siku mbili tatu kiasi cha kudhani ameombewa. Daktari akiitoa kwa muda mfupi na kwa kipimo kidogo, inasaidia. Ikimezwa miezi na miezi bila usimamizi, uso unajaa, sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inalainika. Aliyekwisha kuizoea asiikate ghafla kwa sababu amesoma maneno haya. Mwili unaweza kuporomoka. Aende hospitali apunguziwe taratibu. Na ule unga wa mitishamba unaouzwa minadani, unaoondoa maumivu kwa usiku mmoja huku muuzaji hasemi una nini, mimi ningeuacha.

Ipo tiba inayotuliza ugonjwa wenyewe. Inayotumika zaidi ni methotreksati, inayomezwa mara moja tu kwa wiki pamoja na vidonge vya asidi ya foliki. Narudia, kwa wiki. Wako watu duniani waliokufa kwa kuimeza kila siku. Haipewi mjamzito wala anayetarajia kushika mimba, na anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu. Lakini faida yake ni kubwa: uvimbe ukitulia, mikono inarudi kazini, na tafiti zimeonyesha kwamba wanaoitumia hupata matatizo ya moyo kwa uchache zaidi. Kuutuliza uvimbe ni kuulinda moyo. Kwa hiyo mwenye dalili nilizozieleza asikae miaka kumi akingoja vidole vipinde. Zikishapita wiki sita vifundo vimevimba, aombe rufaa.

Aende wapi? Aanzie zahanati, kwa sababu huko ndiko rufaa inakotoka na huko ndiko presha inakopimwa. Ndani ya wilaya yetu ya Ikungi ipo Hospitali ya Makiungu, iliyohudumia watu wa huku tangu miaka ya 1950. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Singida mjini. Kwa upande wa Manyoni na Itigi ipo Hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Moyo ukihitaji bingwa, Hospitali ya Benjamin Mkapa iko Dodoma, kwenye barabara hiihii inayopita kwetu. Na kilele chake ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambako milango ya moyo iliyoharibika inatengenezwa au kubadilishwa na Watanzania wenzetu. Zamani mgonjwa wa namna hiyo alipelekwa India au alirudishwa nyumbani kufa. Madaktari wa taasisi hiyo pia hutoka kwenda mikoani kwa huduma wanayoiita tiba mkoba. Mkisikia wamefika Singida, tangazeni msikitini, tangazeni kanisani, tangazeni mnadani, na wenye viungo vinavyovimba wawe wa kwanza kwenye foleni.

Ukiwa mbele ya tabibu, usione haya kusema. Mwambie, nina baridi yabisi, naomba nipimwe presha na sukari, na usikilize moyo wangu. Ni haki yako, wala si kumfundisha kazi. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya kutibiwa hata kama huumwi kichwa. Mtoto ambaye maumivu ya viungo yalikuwa yakihamahama asikilizwe moyo kwa makini, na akisikika na mlio usio wa kawaida aandikiwe ultrasaundi ya moyo. Mtu mzima akibanwa kifua, maumivu yakapanda shingoni au kushuka mkono wa kushoto, akatokwa jasho jembamba, akakosa pumzi, asipewe soda wala asichuliwe. Apandishwe gari lolote linaloelekea hospitali. Wanawake wakati mwingine hawabanwi kifua sana. Husikia uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu na pumzi kukata. Nao wasiambiwe ni vidonda vya tumbo mpaka moyo uwe umeangaliwa.

Nyumbani yapo tunayoyaweza bila kuandikiwa na mtu. Sigara iachwe, maana huchochea baridi yabisi yenyewe na huharibu mishipa ya moyo, mara mbili kwa mpigo. Chumvi ipungue, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kilichomo katika chakula cha siku nzima. Ugali wa mtama au uwele na mlenda ni chakula bora kuliko vingi vinavyoletwa kwa malori, na mafuta yetu ya alizeti ni mema kwa moyo yakitumiwa kwa kiasi, yasichemshwe na kurudiwa mara nyingi. Mwenye baridi yabisi asilale ndani siku nzima. Siku vifundo vinapowaka avipumzishe, siku nyingine atembee.

Yaliyobaki hayawezwi na mtu mmoja, na hapa naugeukia uongozi wetu na sisi sote tunaoketi chini ya mti kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo kwa sheria huitishwa kila miezi mitatu. Tuliweke swali hili kwenye ajenda, liandikwe kwenye muhtasari: je, zahanati ina mashine ya presha inayofanya kazi leo? Ina benzathini penisilini? Iliisha lini, na ililetwa lini? Simlaumu mganga mfawidhi, ambaye mara nyingi anafanya kazi ya watu watatu. Kamati ya afya ya zahanati ikiwa na majibu hayo kwa maandishi, diwani naye ana la kusimamia kwenye baraza la madiwani kule Ikungi. Mtoto aliyetakiwa kuchomwa sindano kila wiki 4 akikuta kabati tupu mara mbili mfululizo, mama yake hatarudi mara ya tatu, na hatuwezi kumlaumu.

Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga wahudumu 137,294 nchi nzima. Hawa wanaingia nyumba kwa nyumba. Nawaomba walioko kwetu, mkiuliza habari za chandarua na lishe ya mtoto, ulizeni pia: kuna mtu humu ndani ambaye vidole vyake havikunji asubuhi? Kuna mtoto ambaye viungo viliwahi kumvimba na kuhama? Kisha mfuateni mpaka mjue amepimwa.

Walimu wetu, ninyi mnawaona watoto kuliko sisi. Mtoto aliyekuwa akikimbia na sasa anakaa pembeni akihema, msimwadhibu. Mwiteni mzazi.

Baba zangu na kaka zangu, niseme nanyi kwa heshima. Wagonjwa wengi wa baridi yabisi ni wake zetu, dada zetu na mama zetu, na mara nyingi nauli inatoka mfukoni mwenu. Mwanamke anaweza kuficha maumivu ya mikono miaka mingi kwa kuogopa kusemwa kwamba hafanyi kazi. Msingoje aombe. Jogoo wawili watatu wa Singida, wanaogombewa na wasafiri pale barabarani, wanampeleka hospitali ya mkoa na kumrudisha. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vinaweza kutenga fungu dogo la nauli ya wagonjwa. Tunachangia harusi, tunachangia misiba, hata hili tunaliweza. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza ana haki ya kutibiwa bila malipo kwa mujibu wa sera ya nchi, basi mtendaji amwandikie barua yake mapema, asisumbuliwe akiwa tayari mgonjwa. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa na Bunge tangu 2023. Fuatilieni ofisi ya kijiji namna ya kujiandikisha, mkiwa bado wazima.

Watafiti wa Hospitali ya KCMC ya Moshi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow, walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai kuuliza habari za magonjwa ya viungo, kwa sababu ni magonjwa yaliyosahauliwa katika mipango ya afya barani mwetu. Madaktari bingwa wa viungo ni wachache mno Afrika Mashariki yote, na hatuna budi kuwadai zaidi. Lakini kupima presha hakuhitaji bingwa. Ni mkanda kwenye mkono na dakika chache za kukaa kimya.

Basi wewe unayesoma, kama vidole vyako vilikuwa vigumu asubuhi ya leo, au unamjua mwenye hali hiyo, nendeni zahanati wiki hii. Onyesheni mikono, kisha msitoke kwenye chumba cha tabibu kabla hamjapimwa presha na kusikilizwa moyo. Na mtoto wako akilalamika koo usiku wa leo, kesho asubuhi mpeleke.